Kwa nini nyanya za ndooni hupukutisha maua Tanga, na namna ya kuzifanya zizae

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninakaa Makorora, Tanga, katika nyumba yenye ua mdogo uliosakafiwa kwa saruji. Mwezi wa Januari nilipanda miche kumi ya nyanya katika ndoo tano nyeusi za lita 10, miwili kila ndoo. Chini niliweka kokoto, juu yake udongo niliouchota nyuma ya nyumba, mahali ambapo mama mkwe alikuwa akilima bilinganya, nikachanganya na samadi. Niliweka UREA kila wiki na kumwagilia maji ya kisima kila nilipopata nafasi. Miche ilistawi sana, ikachanua, kisha maua yakapukutika karibu yote. Matunda machache yaliyobaki yameoza upande wa chini. Wiki iliyopita mche mmoja ulinyauka kwa siku mbili ukiwa bado wa kijani. Dada yangu aliyeko Lushoto alipanda mbegu ile ile mwezi ule ule, naye anavuna. Nimekosea wapi, na je, inafaa nijaribu tena?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu mna mambo matatu tofauti yaliyokupata kwa pamoja, na mtu akiyachanganya atajikuta anatibu ugonjwa usiokuwepo. Maua kupukutika kuna sababu yake, matunda kuoza kitako kuna sababu nyingine, na mche kunyauka ukiwa wa kijani ni jambo la hatari kuliko yote mawili. Kujaribu tena inafaa kabisa. Nyanya, au tungule kama tulivyozoea kuziita huku Pwani, huzaa vizuri ndooni hapa Tanga, ila zina msimu wake na zina masharti yake.

Nianze na dada yako wa Lushoto, maana yeye ndiye anayetuonyesha kwamba mbegu haina kosa. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Januari ya kwake si Januari ya kwako. Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes, na ingawa mmea huu hupenda jua la mchana, unahitaji usiku wa kupoa. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 21 hivi kwa mfululizo, utungaji wa matunda huanza kupungua, na mchana ukipita nyuzi 32 hali huwa mbaya zaidi. Hapa kwetu, katika joto la kaskazi la Januari hadi Machi, usiku hushuka kwa shida hadi nyuzi 23 au 24, na unyevu wa hewa ya baharini huzidi kuifanya chavua, yaani unga wa kiume wa ua, igandamane badala ya kumwagika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chavua hutengenezwa ndani ya ua siku nyingi kabla ua halijafunguka. Joto lililopita wiki iliyotangulia ndilo lililoharibu uzazi wa ua unalolitazama leo, na kwa hiyo kulihamisha kivulini asubuhi ya leo hakuliokoi. Ua lisilochavushwa hukatwa na mmea wenyewe. Okota moja kati ya hayo yaliyoanguka ulitazame kwa makini: utaona halikung'oka penye shina, bali limekatika kwenye kifundo kidogo kilicho katikati ya kikonyo, na kidonda chake ni laini kama kilichopitiwa na wembe. Hiyo ni alama ya mmea ulioamua kuliachia ua, wala si kazi ya mdudu. Zipo dawa za homoni zinazouzwa kwa ajili ya kushikisha maua. Mimi sizipendekezi kwa mtu wa ndoo tano, kwa kuwa katika joto kama hilo mara nyingi hutoa matunda yenye umbo baya na mapengo ndani.

Kinachofaa ni kuupanga msimu ili maua yakutane na kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi hupoza mji, na usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, kiasi ambacho nyanya inakipenda. Ukihesabu kwa kurudi nyuma, mbegu hukaa kitaluni wiki nne hadi tano, na mche huanza kuchanua wiki nne hadi sita baada ya kuhamishwa. Mbegu iliyosiwa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei itachanua Julai na kuanza kuivisha mwisho wa Agosti au Septemba. Wakati huo wa kusia tuko katikati ya masika, kwa hiyo kitalu kikae barazani au chini ya kipande cha nailoni angavu, maana mvua ikipiga miche michanga moja kwa moja huiozesha shingo ndani ya usiku mmoja. Ukitaka kujaribu kitu katika miezi ya joto, panda nyanya ndogo za aina ya cheri, ambazo kwa kawaida hutunga matunda katika joto kuliko zile kubwa.

Kuhusu mbegu, angalia kwanza tabia ya ukuaji wake kabla ya jina. Zipo nyanya fupi ambazo hukua hadi kimo fulani na kuzaa kwa mkupuo, kama Tanya, Cal J na Roma, na zipo ndefu zinazoendelea kurefuka na kuzaa polepole kwa miezi, kama Anna F1 na Moneymaker. Kwa ua mdogo ninapendelea zile fupi, kwa sababu hazidai fito ndefu na hazipigani sana na upepo wa kusi.

Sasa ndoo. Miche miwili katika lita 10 ni sawa na familia mbili katika chumba kimoja. Nyanya fupi moja inataka angalau lita 15, na ndefu inataka lita 20 au zaidi, peke yake. Si lazima ununue kitu kipya: ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililokatwa juu, au kiroba kilichokunjwa mdomo vyote vinafaa. Toboa matundu sita hadi manane yenye upana wa kidole kidogo, mengine kwenye kitako na mengine ubavuni karibu kabisa na kitako, ili maji yatoke hata kama chombo kimekaa sawasawa na sakafu. Ndoo nyeusi juu ya saruji, katika jua la saa nane mchana, hupika mizizi iliyo pembeni, na mizizi iliyopikwa hainywi maji hata yakiwepo. Zipake ndoo zako chokaa nyeupe kwa nje, uziinue juu ya matofali, na uzipange zikaribiane ili moja iipe nyingine kivuli ubavuni. Mahali pazuri ni pale panapopata jua tangu asubuhi kwa saa sita au zaidi, na ukuta ukitoa kivuli alasiri ni heri.

Hizo kokoto za chini ziondoe. Najua karibu kila mtu hufundishwa kuziweka ili maji yapite, nami niliziweka kwa miaka mingi, lakini kazi yake ni kinyume cha tunavyodhani. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, uiloweshe hadi ishibe, kisha uilaze bapa juu ya kiganja mpaka iache kudondosha maji. Ukishaona imeacha, igeuze isimame kwa urefu wake. Itaanza kudondosha tena, ingawa hukuikamua. Udongo ndani ya chombo hufanya vivyo hivyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imeshiba maji, na kadiri udongo unavyokuwa na kimo kirefu ndivyo mizizi inavyopata nafasi kubwa zaidi yenye hewa juu ya tope hilo. Kokoto hupunguza kimo cha udongo na kulipandisha tope karibu na mizizi. Kipande cha chandarua chakavu juu ya matundu kinatosha kuuzuia udongo usivuje.

Udongo wenyewe usiwe wa shambani mtupu, kwa sababu ndani ya ndoo hushikamana na kuwa kama tofali. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo tifutifu, moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, na moja ya kitu cha kuulegeza, yaani maganda ya mpunga au vumbi la makumbi ya nazi. Hapa ninakuomba uwe mwangalifu sana. Makumbi yanayotoka kwa wasokota kamba mara nyingi yamefukiwa pwani kwa miezi ili yalainike, nayo yamekunywa maji ya bahari. Mwaka mmoja nilichukua gunia zima la vumbi hilo bila kulisuuza, na katika siku kumi miche yangu yote ilikauka kingo za majani, ukingo wa kahawia kavu umelizunguka kila jani na katikati bado ni kijani. Tangu hapo huliloweka katika pipa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nikayamwaga na kuyabadili mara tatu au nne, na mwisho naonja maji yanayotoka kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ladha ya chumvi, narudia.

Chumvi inanirudisha kwenye kisima chako. Visima vingi vya mjini karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ingawa nyanya huivumilia chumvi zaidi kidogo kuliko maharage, ndani ya ndoo chumvi hujikusanya kila maji yanapokauka. Tumia maji ya bomba, au kinga ya masika kutoka kwenye bati. Kama huna budi kutumia ya kisima, basi mara moja kwa wiki mwagilia maji baridi mengi mpaka yatiririke chini, yaondoke na chumvi iliyokusanyika.

Sasa niseme juu ya kuoza kitako, kwa sababu hapo ndipo sababu zako kadhaa zilipokutana. Doa huanza upande wa chini wa tunda changa, mkabala na kikonyo, kama alama ya maji; kisha hugeuka kahawia, likabonyea, likawa gumu kama ngozi ya kiatu. Wauzaji wa dawa watakupa dawa ya ukungu, nayo haitafanya lolote, kwa kuwa mwanzo wake si ukungu. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo hufuata majani kwanza kwa sababu majani ndiyo yanayotoa jasho. Mmea ukikosa maji kwa siku moja tu, tunda changa ndilo linalokosa fungu lake, na kidonda huja kuonekana baadaye, wakati umeshasahau siku ile uliyochelewa kurudi. Chumvi ya kisima iliizuia mizizi kunywa. UREA ya kila wiki nayo ilikuza majani mengi yanayonyang'anya maji, tena ikaujaza udongo amonia inayoshindana na kalsiamu mlangoni pa mizizi. Kumwagilia kila ulipopata nafasi kukamalizia yaliyobaki. Maganda ya mayai yaliyosagwa, ambayo majirani watakushauri, huoza polepole mno kuisaidia nyanya ya msimu huu.

Tiba yake ni kumwagilia bila kurukaruka. Mche mkubwa wenye matunda, katika siku ya jua, hunywa lita mbili hadi tatu. Usimwagilie kwa saa ya ukutani bali kwa kidole: kichomeke udongoni mpaka kifundo cha pili, na kikitoka kikavu mwagilia mpaka uone maji yakitoka matunduni. Baada ya wiki mbili utakuwa umejua pia kwa kuisukuma ndoo kidogo kwa mguu, maana iliyokauka huteleza na iliyoshiba haitikisiki. Mwagilia asubuhi mapema, shinani na si majani, na siku za joto kali ongeza alasiri. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu. Kwa mbolea, achana na UREA kabisa katika ndoo. Wiki mbili baada ya kuhamisha weka kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kwa kila mche, mbali kidogo na shina, na urudie kila baada ya wiki mbili au tatu. Matunda yakianza kutunga, badili na kiasi hicho hicho cha kalsiamu naitreti iliyoyeyushwa katika maji ya kumwagilia. Jani likiwa la kijani kizito sana, nene na limejikunja kuelekea chini, mmea umeshiba kupita kiasi, subiri. Ule ustawi uliokufurahisha Februari ulikuwa dalili hiyo.

Mche ulionyauka ukiwa wa kijani ninauogopa zaidi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole cha kati, ukining'inize ndani ya glasi angavu ya maji masafi, sehemu iliyokatwa ikiwa imezama, na usiitikise glasi. Kama baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe nyembamba, kama maziwa, zikishuka taratibu kutoka kwenye kidonda, basi ni mnyauko bakteria. Ugonjwa huu huishi udongoni kwa miaka, nao hushambulia jamii nzima ya nyanya: bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo. Ndiyo maana nilishtuka niliposoma kwamba udongo ulitoka kwenye bilinganya za mama mkwe. Hauna dawa ya kuutibu. Ng'oa mche pamoja na mizizi, uuchome, udongo wake usiuhamishie kwenye ndoo nyingine, na kisu ulichokatia ukioshe kwa maji ya jiki kabla hakijagusa mche mwingine. Kama nyuzi hazikuonekana, itazame mizizi: ikiwa na vinundu kama shanga zilizopachikwa, hao ni minyoo fundo, ambao hupenda sana mchanga wetu wa Pwani. Kwa vyovyote vile, msimu ujao chukua udongo mahali pasipowahi kulimwa mazao hayo, uulowanishe, uufunge ndani ya nailoni angavu na kuuacha juani wiki nne hadi sita. Hapo saruji yako itakuwa msaada.

Kuhamisha miche ni rahisi. Ikifika urefu wa kiganja na majani manne hadi sita halisi, izike mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya lililofukiwa hutoa mizizi mipya ubavuni. Simika fito siku hiyo hiyo, usije ukachoma mizizi baadaye. Nyanya ndefu zikatwe maotea yanayochipua kwenye makwapa ya majani, yangali madogo. Zile fupi usizikate, isipokuwa majani ya chini yanayogusa udongo. Katika ua uliozungukwa na kuta, upepo hauingii vya kutosha kuzitikisa chavua, basi kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana pita ukigonga fito kwa kidole, kila mche mara mbili tatu. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja, na mtikisiko huo mdogo unatosha.

Wadudu wapo, ila kwa ndoo tano macho yako ni dawa ya kwanza. Nzi weupe wadogo wanaoruka unapogusa majani ndio wanaoleta ugonjwa wa rasta, ambao hulifanya jani lijikunje juu na kuwa la manjano. Mche uliopata rasta mapema ung'oe. Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, huchora njia pana za rangi ya maji ndani ya jani, na jani la namna hiyo lichume ukalizike au ulichome. Mwarobaini umejaa mjini kwetu: twanga kokwa zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, kisha nyunyizia jioni, chini ya majani, maana jua huiua nguvu yake.

Sasa ni mwisho wa Machi, na miche tisa bado imesimama. Fanya kipimo cha glasi leo kwa ule mche ulionyauka. Ile iliyo mizima ikate matawi kwa theluthi moja, ondoa matunda yote yaliyooza, acha mche mmoja tu katika kila ndoo, simamisha UREA na uisuuze ndoo kwa maji ya bomba mara mbili ndani ya wiki hii. Baadhi itachipua upya na huenda ikakupa nyanya chache za kachumbari ifikapo Juni, lakini isikuzuie kuanza upya. Udongo mpya uingie kwenye nailoni wiki hii, kabla masika haijafunga mawingu, na mbegu usizisie mapema kuliko mwisho wa Aprili.